Sachi Ilikuwa Safi: Kisa cha Nyumba Iliyouzwa Ikiwa Bado Ramani

Mama mmoja alifika ofisini kwangu Februari 2021 na vitu vitatu ndani ya kikapu: mkataba wa kurasa 31 uliojaa mihuri, bahasha ya risiti za benki, na kaunta buku yenye jalada gumu, kona zake zimelika kwa kushikwa. Mkataba niliujua kabla ya kuufungua, maana kampuni nyingi za Nairobi zinazouza nyumba kabla hazijajengwa hutumia karibu maneno yale yale. Risiti nazo nilizitarajia. Kaunta buku ndiyo iliyonifanya nisogeze kiti. Kila shilingi iliyotoka ilikuwa na mstari wake: tarehe, kiasi, tawi la benki, na upande wa kulia jina la mtu wa kampuni aliyepokea simu siku hiyo pamoja na alichosema.

"Mali bila daftari hupotea bila habari, mwanangu," aliniambia. "Mimi daftari ninalo. Sasa nambie mali yangu iko wapi."

Nakisimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. Jina lake nimeliacha, na ya kampuni na benki pia, kwa sababu ninachotaka kieleweke ni jinsi karatasi zilivyofanya kazi, moja baada ya nyingine, mpaka mtu aliyekuwa na haki na aliyeshinda kesi akabaki nje, huku wanunuzi wenzake 23 waliokuwa na kesi dhaifu kuliko yake wakikabidhiwa funguo. Wakili wake nilikuwa mimi. Sehemu ya uamuzi uliomfikisha hapo ni ushauri wangu, na nitaifikia.

Njia isiyo na riba

Mama ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na tangu ujana wake anauza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba. Mwanawe wa kwanza ni dereva Dubai. Kati yao wawili walikuwa wamekusanya pesa za kuanzia nyumba, si za kuimaliza, na mkopo wa benki Mama hakuutaka kwa sababu ya riba. Kwa hiyo walipokutana na kampuni iliyokuwa ikiuza nyumba zikiwa bado ramani, upande wa Barabara ya Mombasa, waliona mlango umewafungukia. Vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tano, shilingi 6,500,000. Asilimia 30 wakati wa kusaini, yaani 1,950,000. Asilimia 50 kwa awamu nane, moja kila miezi mitatu, kila awamu 406,250. Asilimia 20 iliyobaki ingelipwa siku ya kupokea funguo.

Kabla hajatoa chochote alimwendea sheikh wake kuuliza kama inajuzu kununua kitu ambacho bado hakipo. Sheikh alimweleza habari za istisnaa, mapatano ya kuagiza kitu kitengenezwe, akamwambia inajuzu maadamu sifa za kitu ziko wazi na muda wa kukabidhiana uko wazi. Kisha akamuuliza: "Wamekwambia utaingia lini?" Mama akajibu miezi 24. Sheikh akaridhika, na yeye akaridhika.

Nimelirudia swali lile mara nyingi kichwani. Katika kisa hiki chote, kuanzia maonyesho ya nyumba hadi kizimbani, hakuna aliyeuliza swali la kisheria bora kuliko hilo, na liliulizwa barazani na mtu ambaye hakuwa ameuona mkataba.

Mwanawe naye alikuwa na dhana yake. Dubai, tangu Sheria Nambari 8 ya 2007, pesa za wanaonunua nyumba ambazo hazijajengwa lazima ziwekwe kwenye akaunti maalumu ya amana ya mradi huo, na mjenzi huchota kulingana na kazi iliyofanyika. Kijana alikuwa amewasikia wenzake wakilizungumza jambo hilo kila siku. Alidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Mkataba wa mama yake haukuwa na kifungu cha namna hiyo hata kimoja, na akaunti waliyolipia ilikuwa akaunti ya kawaida ya kampuni, ile ile iliyolipa mishahara, mabango na kodi ya ofisi.

Miezi 24 kuanzia lini

Kifungu cha kukabidhi nyumba kilisema kampuni itakamilisha jengo "ndani ya miezi 24 tangu ujenzi kuanza". Basi. Hakuna mahali popote katika kurasa 31 palipoeleza ujenzi unaanza siku gani. Kuzungushia mabati ni kuanza? Kuchimba msingi? Kumwaga zege la kwanza? Mama aliposaini, Aprili 2018, shimo la msingi lilikuwa limeshachimbwa na alilichungulia kwa macho yake. Kampuni ilipobanwa baadaye ilidai saa ilianza kuhesabiwa Januari 2019, siku mwanakandarasi mkuu alipokabidhiwa kiwanja.

Malipo ya Mama, kwa upande mwingine, yalikuwa na tarehe: Julai, Oktoba, Januari, Aprili, na kuendelea, kila moja na siku yake, na adhabu ya kuchelewa juu yake. Hayakufungwa na hatua yoyote ya kazi. Msingi umekwisha au haujaisha, ghorofa imepanda au haijapanda, tarehe ikifika analipa. Nikiwa na dakika tano tu za kusoma mkataba wa nyumba ya ramani, hapo ndipo ninapoanzia. Natafuta kama kila awamu imefungwa na cheti cha msanifu majengo kinachosema kazi fulani imekamilika. Kama haikufungwa, mnunuzi anatembea kwa kalenda na mjenzi anatembea kwa hiari yake.

Palikuwa na vifungu viwili zaidi ambavyo Mama hakuwa amevielewa. Kimoja kilimruhusu muuzaji kuiweka ardhi rehani ili kupata pesa za ujenzi. Kingine kilimkataza mnunuzi kuweka kosheni yoyote, yaani tahadhari inayosajiliwa kwamba kuna mwingine mwenye dai, kwenye hati ya ardhi hiyo. Nilipomsomea kwa Kiswahili, polepole, alinyamaza, kisha akauliza kama yule wakili aliyemsainisha hakuona maneno hayo. Aliyaona, kwa sababu ndiye aliyeyaandika. Alikuwa wakili wa kampuni. Mama alikuwa amelipa shilingi 40,000 zilizoandikwa "ada ya wakili", akaamini kwamba aliyemlipa ni wake. Mkataba ulisema waziwazi, ukurasa wa tatu, kwamba wakili yule anamwakilisha muuzaji peke yake na mnunuzi yuko huru kutafuta wa kwake.

Mkataba wa namna hii ni halali. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mapatano ya ardhi yawe kwa maandishi, yasainiwe na wote, na kila saini ishuhudiwe. Yote hayo yalifanyika. Na Mahakama ya Rufaa imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba kazi ya mahakama si kuwaandikia watu mkataba upya, isipokuwa pale penye ulaghai, shinikizo au dhuluma ya wazi iliyothibitishwa. Ndiyo maana huwa nasikitika ninapoletewa mkataba baada ya saini. Wakati huo ninachoweza ni kuusoma tu.

"Lakini mimi nilitangulia"

Sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa daftari la msajili wa ardhi, iliyofanywa wiki ile ya kusaini ilikuwa safi. Ardhi ilikuwa ya kampuni, haina rehani, haina kosheni, haina kesi. Mama alikuwa na nakala yake yenye muhuri na aliionyesha kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Nikamwomba tufanye nyingine. Iliporudi, ilikuwa na mstari mpya: rehani ya benki, iliyosajiliwa Novemba 2018, miezi saba baada ya yeye kusaini.

"Lakini mimi nilitangulia," alisema. Alilisema mara tatu, kwa sauti ile ile, na kila mara alikuwa sahihi.

Alitangulia kulipa. Alitangulia kusaini. Kwenye daftari la ardhi, hata hivyo, hakuwa amewahi kuingia. Sachi ni picha ya siku moja. Inakwambia hali ya hati asubuhi ile na haimzuii mwenye hati kwenda benki mchana. Na hiyo nyumba ya ghorofa ya tano, kisheria, haikuwepo. Chini ya Sheria ya Nyumba za Sehemu ya 2020 kila nyumba kwenye jengo hupata hati yake, lakini ni baada ya jengo kupimwa na ramani ya sehemu zake kusajiliwa. Kabla ya hapo kuna hati moja tu, ya kiwanja kizima, na mwenye hati hiyo ni kampuni. Alichokuwa nacho Mama ni ahadi ya kampuni. Haki yake ilikuwa dhidi ya mtu. Haki ya benki ilikuwa juu ya udongo wenyewe.

Mwanamke aliyeikimbia benki kwa sababu ya riba alikuwa, bila yeyote kumwambia, ameikopesha kampuni mamilioni ya shilingi, bila riba na bila dhamana.

Kilichoweza kumweka mbele ya benki ni fomu. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamruhusu mtu anayedai haki ya kupata maslahi katika ardhi, hata kama haki hiyo imetokana na mkataba tu, kuweka kosheni. Ikishawekwa, msajili hasajili jambo linalopingana nayo bila idhini ya mwenye kosheni au amri ya mahakama. Benki ingeiona siku ya kufanya sachi yake, na ingelazimika kumtafuta Mama na kuzungumza naye kabla ya kutoa mkopo.

Lazima niwe mkweli kuhusu ugumu wake. Kosheni hugusa hati nzima. Mnunuzi mmoja wa nyumba moja kati ya 64 akiiweka, anaweza kukwamisha mkopo wa ujenzi ambao wengine 63 wanauhitaji. Mjenzi mwaminifu naye huikataa, na ana sababu. Kwa hiyo mimi sishikilii kosheni kwa kila hali. Pale kampuni inapokataa kosheni, naomba barua mbili badala yake. Ya kwanza ni ya benki, ikisema kwamba mnunuzi huyu akimaliza kulipa, nyumba yake itaachiliwa kutoka kwenye rehani. Ya pili ni ahadi ya kiwakili kutoka kwa wakili wa muuzaji, kwamba hataachilia malipo ya mteja wangu mpaka masharti fulani yatimie. Ahadi ya wakili ni kitu kizito nchini Kenya. Akiivunja, unampeleka mahakamani yeye mwenyewe chini ya Agizo la 52 la Kanuni za Mwenendo wa Madai, wala huhitaji kungoja kesi ya kampuni iishe. Anayekunyima kosheni, akakunyima na barua zote mbili, amekueleza kila unachohitaji kujua kumhusu.

Mama hakupata hata kimoja, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwombea.

Maji kwenye shimo la lifti

Tulikwenda kiwanjani Machi 2021, mimi, Mama na mpwa wake. Mlinzi alitufungulia baada ya Mama kumwita "baba" na kumuuliza hali ya watoto. Jengo lilikuwa limefika sakafu ya tatu. Nondo za nguzo zilikuwa zimesimama juu hewani, zimegeuka rangi ya hina, na kwenye sakafu ya kwanza majani yalikuwa yameota mahali zege lilipoacha ufa. Shimo la lifti lilikuwa limejaa maji ya kijani. Mlinzi alikuwa akiyachota kufulia. Kamba yake ya nguo ilifungwa kutoka nondo moja hadi nyingine. Mama aliinua macho akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kisha akanyoosha kidole palipobaki, kwenye anga tupu, akasema, "Basi kwangu ni pale."

Kufikia wakati huo alikuwa amelipa ile asilimia 30 ya kusaini na awamu tano, jumla shilingi 3,981,250. Awamu ya tano, ya Julai 2019, aliilipa akiwa tayari na shaka, kwa sababu alitumiwa barua ya kumtisha na adhabu. Ya Oktoba aliigomea. Kampuni ikamwandikia kwamba amevunja mkataba.

Utetezi wao mahakamani ulikuwa na miguu miwili. Mosi, Mama ndiye aliyevunja mkataba kwanza kwa kuacha kulipa. Pili, korona: kisa cha kwanza kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, kafyu ikafuata, mafundi wakatawanyika, na hiyo ni dharura isiyozuilika. Mguu wa pili ulikuwa na nguvu kwa sikio la mtu yeyote aliyeishi Nairobi mwaka ule. Kilichouvunja ni Idi.

Siku ya Idi ya Juni 2019, familia ilipita pale kwenda kumwonyesha bibi nyumba itakayokuwa, na mpwa akapiga picha kwa simu: watoto wamevaa kanzu mpya, nyuma yao jengo la sakafu tatu. Picha tulizopiga Machi 2021 zilionyesha sakafu zile zile tatu. Miezi tisa kabla ya korona kuingia Kenya, jengo lilikuwa limeshafika lilipokwama. Picha za simu haziingii mahakamani hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi picha ilivyotolewa humo, kikiwa na saini ya mtu anayehusika na kifaa hicho. Mpwa alisaini. Wakili wa upande wa pili alimhoji karibu nusu saa kuhusu saa na tarehe ya simu yake, na kijana akajibu kila swali bila kupaza sauti.

Kaunta buku nayo ilifanya kazi yake. Pembeni ya awamu ya Aprili 2019 Mama alikuwa ameandika jina la karani na maneno "fundi wamesimama kidogo, wanangoja simiti". Kampuni iliulizwa kama karani huyo alikuwa mfanyakazi wake. Ilikubali.

Pesa au nyumba

Sasa nifike kwenye njia panda.

Mnunuzi aliyevunjiwa mkataba ana milango miwili, na hawezi kupita yote. Anaweza kusema mkataba umekufa, nirudishieni pesa. Au aseme mkataba uko hai, nataka nyumba yangu, na aiombe mahakama iamuru utimizwe. Huwezi kuidai nyumba na kuikataa kwa pumzi moja. Kuchagua pesa ni kuiachia nyumba.

Nilimshauri Mama achague pesa. Hoja zangu zilikuwa hizi. Amri ya kutimiza mkataba iko mikononi mwa mahakama, si haki ya moja kwa moja, na hakimu au jaji hapendi kuamuru kitu ambacho hawezi kukisimamia. Nani atasimama kiwanjani kuhesabu mifuko ya simiti? Nyumba ya Mama ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo lenye sakafu tatu. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2014, uliowalinda wanunuzi wa viwanja kwa msingi wa amana (mtu kushika mali kwa niaba ya mwingine) na usawa, uliwahusu watu waliokuwa wamelipa na kuingizwa kwenye ardhi. Mama hakuwa ameingia popote. Na dai la shilingi 3,981,250 lilikuwa ndani ya uwezo wa Hakimu Mkuu, ambaye kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 husikiliza madai ya hadi milioni 20. Kesi ingekwenda haraka zaidi.

Nilimtumia muuzaji notisi ya siku 21 kama ilivyo desturi chini ya masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili. Ikapita kimya. Nikaandika kwamba mkataba umevunjwa, tukafungua kesi katika mahakama ya Milimani.

Kulikuwa na kifungu cha usuluhishi, na kampuni ilikikumbuka kwa kuchelewa. Iliwasilisha utetezi wake kwanza, kisha mwezi mmoja baadaye ikaomba kesi isimamishwe twende kwa msuluhishi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinataka ombi hilo liletwe kabla ya mtu kujitokeza mahakamani kujibu, au wakati ule ule anapojitokeza, si baadaye. Ombi likatupwa.

Wakati sisi tunaendelea vizuri hivyo, benki ilitoa notisi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mwenye rehani humpa mdaiwa miezi mitatu kurekebisha malipo, kifungu cha 90, kisha siku 40 kabla ya kuuza, kifungu cha 96. Wanunuzi 23 wakaungana, wakatafuta wakili, wakaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba zuio ili benki isiuze. Walinipigia nimlete Mama. Nilisoma karatasi zao nikaona hawana nafasi, na kwa kweli Mama hakuweza kujiunga bila kubomoa kesi yake: alikuwa ameshasema hataki nyumba.

Jaji alipima ombi lao kwa vigezo vya Giella dhidi ya Cassman Brown, kesi ya 1973 ambayo kila wakili wa Kenya anaijua: je, kuna kesi ya kuaminika kwa mtazamo wa kwanza, kuna hasara isiyofidika, na mizani inaegemea wapi? Walianguka kigezo cha kwanza. Walikuwa wamesaini kifungu kinachomruhusu muuzaji kuweka rehani. Hoja kwamba benki iliijua mikataba yao ilipokuwa ikitoa mkopo ilisikilizwa, ikakataliwa. Zuio likanyimwa.

Nilimpigia Mama simu jioni ile kumweleza kwamba tulichagua vyema. Nakumbuka nilikuwa na furaha.

Yaliyofuata sikuyaona yakija. Benki ilikuwa na ruhusa ya kuuza na haikuwa na mnunuzi. Nani anunue jengo la sakafu tatu lenye maji kwenye shimo la lifti na watu 23 ambao wameshasema watakata rufaa na wataweka mabango langoni? Wiki chache baadaye benki iliwaita mezani. Walikubaliana kwamba kila mmoja alipe salio lake moja kwa moja kwenye akaunti maalumu inayosimamiwa na benki, pamoja na nyongeza ya gharama. Mwanakandarasi mwingine aletwe. Nyumba ambazo wenyewe walizikataa ziuzwe upya kusaidia kumaliza. Na kila aliyemaliza kulipa aachiliwe kutoka kwenye rehani. Ilichukua zaidi ya miaka miwili na iliwaumiza mifuko. Lakini waliingia. Walishindwa mbele ya jaji, wakapata nyumba kwa sababu walikuwa bado wamesimama mlangoni.

Mizani yangu ilikuwa ya nguvu ya kesi. Nilipima nani atashinda mbele ya hakimu. Nilipaswa kupima pia nani atakuwa na kitu cha kushika baada ya kushinda. Kwa mnunuzi asiye na rehani wala kosheni, kuendelea kuidai nyumba, hata kwa hoja dhaifu, kulikuwa ni kuendelea kuwa kero ambayo benki haiwezi kuiruka. Leo ningemwambia hilo kwanza, kabla ya kumwonyesha sheria yoyote, kisha ningemwachia achague.

Hukumu

Hakimu alitoa hukumu 2023. Alikubali kwamba ujenzi ulisimama kabla ya korona. Kuhusu nani alivunja kwanza, alisema kampuni haikuweza kudai awamu ya Oktoba 2019 wakati yenyewe ilikuwa imeacha kazi, wala haikuwahi kumpa Mama notisi iliyokamilika. Kampuni ilishikilia kifungu kinachosema mnunuzi anayejitoa hurudishiwa pesa zake baada ya nyumba kuuzwa kwa mwingine, zikipunguzwa asilimia 10. Hakimu alikisoma kwa sauti, akasema kinamhusu mnunuzi anayebadilisha nia, hakimhusu muuzaji asiyejenga. Akaamuru shilingi 3,981,250 zirudishwe zote, na gharama za kesi.

Riba haikuwemo. Mama alinikataza kuiomba tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba shilingi ya 2018 si ile ya 2023, kwamba mahakama huitoa kama fidia ya kuzuiliwa mali yako. Akasema, "Nataka changu, mwanangu. Cha mtu sikitaki." Sikukubaliana naye na bado sikubaliani, na niliandika madai kama alivyotaka, kwa sababu pesa ni zake na dini ni yake.

Tulipoomba pesa za kampuni zizuiliwe benki, akaunti ilikuwa na shilingi elfu nne na ushei. Ardhi ilikuwa ya benki kwa kila hali isipokuwa jina. Ndipo tulipotumia Agizo la 22, kanuni ya 35, inayoruhusu afisa wa kampuni inayodaiwa aitwe ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali zake, akiwa na vitabu vya hesabu. Mkurugenzi aliitwa mara mbili hakuja. Mara ya tatu, baada ya hakimu kutaja hati ya kukamatwa, alikuja na wakili wake wakiwa na pendekezo: shilingi 120,000 kwa mwezi.

Tumepokea awamu 11, jumla 1,320,000. Mwezi wa saba ulirukwa, tukarudi mahakamani, ukalipwa. Kila pesa ikiingia Mama hunipigia simu kuniuliza tarehe kamili na nambari ya muamala, kisha huiandika kwenye kaunta buku ile ile, akianzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma. Kati ya malipo aliyotoa na haya anayorudishiwa zimebaki kurasa nyingi nyeupe. Kesi itatajwa tena mwezi ujao.